Kabla Hujaeneza, Hakikisha



Wazee wetu, ndugu na dada zangu katika Imani, nashukuru kupewa dakika hizi kabla ya adhana ya Magharibi. Najua matumbo yanguruma, kwa hivyo sitawachosha.

Nianze na kosa langu. Ramadhan iliyopita nilipata ujumbe kwenye simu kwamba bucha moja mtaani kwetu yauza nyama isiyo halali. Sikuuliza umetoka wapi. Nikaona hili ni jambo la dini, nikawatumia wote ninaowajua. Siku ya tatu yule mzee alikuwa ameketi peke yake, nyama yaning'inia, wateja hakuna. Baadaye ikabainika aliyeanzisha maneno ni mtu aliyekuwa akidaiwa naye. Nikaenda kumuomba radhi. Akaniambia, "Wewe nimekusamehe, mwanangu. Lakini wale uliowatumia, utawapata wote?" Sikuwa na jibu.

Jamani, Suratul Hujurat aya ya 6 yatuamrisha tuchunguze habari tunazoletewa. Twaisoma kwa tajwidi, lakini simu ikilia twaisahau! Wanavyuoni wa hadithi kama Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, hawakutosheka na maneno matamu. Waliuliza: nani amesimulia? Alikutana kweli na huyo anayemtaja? Ni mkweli? Kumbukumbu yake ni nzuri?

Tena kumbukeni siku aliyofariki Ibrahim, mwanawe Mtume (S.A.W.). Jua lilipatwa, watu wakasema ni kwa ajili ya msiba ule. Mtume, pamoja na huzuni yake, hakuliacha lipite. Aliwafunza kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu yeyote. Mambo mawili kutokea siku moja si dalili kwamba moja limeleta lengine. Nasi je? Mtoto akiugua baada ya mama kugombana na jirani, twasema jirani amemroga. Ushahidi uko wapi?

Basi tujizoeze maswali matatu: Nani kasema? Kajuaje? Na ikiwa ni uongo, nani ataumia? Ukikosa jibu, nyamaza. Saumu si ya tumbo tu. Ulimi nao wafunga, na siku hizi hata kidole.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu. Na leo mkienda kununua nyama ya futari, bucha ya yule mzee iko wazi.

Wabillahi tawfiq.