Bei ya Siku ya Kwanza

Askari anayeshika zamu chini ya milima ya Rwenzori anajua kwamba mawimbi ya simu hayapenyi mlima. Kutoka Kitswamba hadi Bwera, penye mnara habari hufika mara moja. Katika bonde lililozibwa na kilima, habari huenda kwa miguu. Kwa hiyo mashindano ya makampuni yanayotengeneza mitambo ya simu si jambo la matajiri wa ng'ambo peke yao.

Mashindano hayo yamewachosha hata waliotia mali yao ndani ya makampuni hayo. Desemba 2023, AT&T ya Marekani iliichagua Ericsson ya Sweden kwa mkataba unaoweza kufikia dola bilioni 14 katika muda wa miaka mitano. Hisa za Nokia ya Finland, iliyopoteza kazi hiyo, zilianguka papo hapo. Kwa miaka mingi wawekezaji wamelalamika kwamba mikataba hupatikana kwa kukata bei, hata ushindi wenyewe huleta faida ndogo. Nortel ya Kanada, iliyokuwa miongoni mwa vigogo wa biashara hii, ilifilisika mwaka 2009.

Yuko atakayesema kwamba wauzaji wakigombana, mnunuzi hunufaika. Hiyo ni nusu ya ukweli. Muuzaji aliyejinyima siku ya kutia sahihi hutafuta kufidiwa baadaye, katika vipuri, programu na matengenezo. Aghalabu mitambo ya kampuni moja haipatani kwa urahisi na ya nyingine. Basi mnunuzi hana pa kukimbilia. Na kampuni ikifa, nani ataleta vipuri?

Hata hivyo, dawa si kuacha mashindano. Uganda iliikabidhi Huawei ya China ujenzi wa mkongo wa mawasiliano wa taifa bila zabuni ya wazi, kwa mkopo wa China wa dola zipatazo milioni 106. Baadaye wabunge walihoji gharama na ubora wa nyaya. Nchini Kenya, Huawei na ZTE ziligombea zabuni ya mawasiliano ya polisi, mabishano yakachelewesha kazi, hata ikakabidhiwa Safaricom mwaka 2014. Kabla ya hapo, Septemba 2013, magaidi walivamia Westgate mjini Nairobi, na udhaifu wa mawasiliano kati ya polisi na jeshi ukaonekana wazi.

Wilaya ya Kasese nayo inaijua thamani ya dakika moja. Juni 2023, wauaji wa ADF walivamia shule ya Mpondwe karibu na mpaka wa Kongo, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mtambo peke yake haulindi mpaka, lakini mlinzi asiyeweza kuita msaada hulinda kwa bahati.

Yafaa basi kila mkataba upimwe kwa gharama ya miaka yote ya matumizi, vipuri viwekwe nchini, na mafundi wa jeshi na polisi wafundishwe kutengeneza mitambo wenyewe. Wawekezaji waliopata hasara wanaweza kuuza hisa zao wakaondoka. Askari wa Bwera hawezi kuondoka. Atabaki na mtambo ulionunuliwa, mzima au mbovu.