Picha Zinapokwama Njiani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, wilaya za Ngara na Biharamulo

Nawasalimu ninyi mlio Rulenge, Kabanga na Rusumo, nanyi mlio Nyakahura, Lusahunga na Biharamulo mjini. Kiongozi wa darasa, tafadhali tazama kama kila mtu ana daftari na kalamu. Mwenye miwani aivae. Leo tutasikiliza, tutaandika, na tutapiga hesabu kidogo.

Wazee walio kati yenu wanaukumbuka mwaka 1973. Mwaka ule watu walikusanyika penye redio kusikiliza masomo ya "Mtu ni Afya". Kipindi kilipokwisha hawakwenda kulala. Walishika majembe wakachimba vyoo. Somo la leo nalo ni la kutenda. Anayelisikia bila kulijaribu kwa mikono yake, atakuwa amelisahau kabla ya Jumapili.

Somo lenyewe ni hili: umepiga picha kwa simu. Ulitumaini kuzikuta kwenye kompyuta. Umefungua kompyuta, huzioni. Je, zimepotea? Ufanye nini?

Tuchukue mfano

Mama mmoja ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama wao ni 30. Kila mkutano ukiisha, mama huyu hupiga picha ukurasa wa daftari la kikundi, kwa sababu anaijua methali isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika simu hiyo hiyo imo picha ya marehemu mume wake, aliyopigwa mwezi mmoja kabla ya kufariki. Hana nyingine.

Siku moja daftari lililowa mvua na wino ukaenea. Mama akaenda mjini, kwenye duka lenye kompyuta, ili achapishe zile picha za kurasa.

"Shikamoo mama," alisema kijana wa duka.

"Marahaba mwanangu. Nataka kuchapa kurasa za daftari letu. Picha zake ziko kwenye akaunti yangu."

Wakafungua akaunti. Picha za mwaka uliopita zilikuwapo. Za miezi mitatu ya mwisho hazikuwapo hata moja. Kijana akaitazama simu, akasema, "Mama, simu yako imejaa. Tufute picha zilizomo humu ipate kupumua. Nyingine zote ziko winguni."

"Umeziona huko winguni, mwanangu?"

"Sijaziona, lakini lazima zitakuwapo."

"Basi tusifute kitu ambacho hatujaiona nakala yake."

Ndugu zangu, mama yule alisema kweli. Andikeni maneno haya kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wenu: USIFUTE KABLA HUJAONA. Mkisahau mengine yote ya leo, msisahau hayo.

Wingu ni nini?

Wingu tunalolisema hapa si lile la mvua. Ni kompyuta kubwa sana, zilizowekwa katika majengo maalum mbali na hapa, mali ya makampuni kama Google, Apple na Microsoft. Kampuni hukupa nafasi ya kuweka vitu vyako humo, nawe hupewa akaunti na neno la siri, kama ufunguo wa ghala.

Picha yako hutoka kwenye simu, ikaenda kwenye mnara. Kutoka mnarani hufuata nyaya za mkongo mpaka pwani, na mara nyingi hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Njia ni ndefu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, ziliharibika, na intaneti ikasumbua Tanzania na nchi nyingine za jirani. Siku ile mtu aliyeifungua na kuifunga kompyuta yake mara kumi alijichosha bure. Kosa halikuwa lake.

Kulandanisha ni nini?

Neno hili linatokana na kulandana, yaani kufanana. Fikirini kikundi chenye madaftari mawili. Moja liko kwa katibu, la pili liko kwa mhazini. Katibu akiandika mstari, mhazini naye anauandika. Katibu akiufuta, mhazini naye anaufuta. Hivyo madaftari hufanana siku zote. Simu, wingu na kompyuta vikilandanishwa hufanya kazi hivyo hivyo.

Hapo pana faida na pana hatari. Faida ni kwamba picha ikiingia mahali pamoja, unaiona na mahali pengine. Hatari ni kwamba ukiifuta mahali pamoja, mara nyingi inafutika na pengine. Kwa hiyo kulandanisha si sawa na kuweka akiba. Picha iliyofutwa hukaa kwanza kwenye tupio. Katika Google Photos, picha iliyokwisha kufika winguni hukaa katika tupio siku 60. Katika iCloud ya Apple hukaa siku 30. Siku hizo zikipita, hairudi.

Tatizo tulitafute kwa utaratibu

Mganga hamchomi mgonjwa sindano kabla ya kumwuliza. Nasi tutauliza maswali sita, moja baada ya jingine. Tusiruke hata moja.

Swali la kwanza: intaneti ipo? Fungua ukurasa mwingine wowote kwenye kompyuta, kisha ufungue na kwenye simu. Usipofunguka, picha hazina kosa. Huenda bando limekwisha, au umeme wa mnara umekatika. Ninyi wa Rusumo na Kabanga mna jambo la ziada. Karibu na mpaka, simu huweza kunasa mnara wa Rwanda au wa Burundi. Tazama jina la mtandao kwenye kioo cha simu. Likiwa la nchi jirani, huenda simu imesimamisha kupeleka picha ili isikule fedha. Chagua mtandao wako wa nyumbani kwa mkono.

Swali la pili: akaunti ni ile ile? Watu wengi wana akaunti mbili bila kujua. Moja alifunguliwa na muuza simu siku ya kununua, ya pili alifunguliwa na mtoto wake. Simu inapeleka picha kwenye hii, kompyuta inafungua ile. Andika anwani ya simu kwenye karatasi, kisha uilinganishe na ya kompyuta, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, tarakimu kwa tarakimu. Hapa ndipo kujua kusoma kunapokulipa.

Swali la tatu: nafasi imebaki? Akaunti ya Google hutoa hadi gigabaiti 15 bure. Apple na Microsoft hutoa gigabaiti 5 kila mmoja. Tangu tarehe 1 Juni 2021, picha mpya zinazopelekwa Google Photos huhesabiwa katika zile gigabaiti 15, pamoja na barua pepe na mafaili mengine. Nafasi ikijaa, picha mpya haziendi tena. Za zamani zinabaki zikionekana, na kwa sababu hiyo mtu hudhani mambo ni mazuri.

Tupige hesabu. Tuseme picha moja ina megabaiti 3. Picha 1,000 zitakuwa megabaiti 3,000, yaani gigabaiti 3 hivi. Basi gigabaiti 15 zitatosha picha 5,000. Lakini video ya dakika moja tu huweza kufika megabaiti 100 au zaidi. Video za dakika 10 za ngoma ya harusi zinaweza kula nafasi ya picha zaidi ya 300.

Swali la nne: simu imeruhusiwa kupeleka? Fungua programu ya picha kwenye simu, uingie mahali pa mipangilio, utazame mambo matatu. Je, kuhifadhi nakala kumewashwa? Je, simu imeambiwa ipeleke kwa Wi-Fi peke yake? Kama ni hivyo, nawe nyumbani huna Wi-Fi, picha zitasubiri mwaka mzima. Tatu, je, folda yenye picha hizo imechaguliwa? Picha ulizotumiwa kwa WhatsApp hukaa katika folda yake, na folda hiyo huenda haijachaguliwa. Tazama pia kama simu iko katika hali ya kubana betri, maana hali hiyo huzuia kazi zinazofanyika kimya kimya.

Swali la tano: programu ya kompyuta inafanya kazi? Kama kompyuta ina programu ya kulandanisha, tafuta alama yake chini upande wa kulia, karibu na saa. Ibofye usome maneno yake. Huenda imesimamishwa kwa muda. Huenda imetoka kwenye akaunti na inataka neno la siri upya. Huenda inatazama folda nyingine, na picha zako umeziweka pengine. Kisha tazama saa na tarehe ya kompyuta. Betri yake ndogo ya ndani ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, na wingu hukataa kuongea na kompyuta yenye tarehe ya uongo. Sahihisha tarehe kwanza.

Kuna jambo lingine hapo. Picha za simu za iPhone mara nyingi huwa za aina ya HEIC. Picha imefika, lakini kompyuta nyingine haiwezi kuifungua. Huyo si mgeni aliyepotea, ni mgeni asiyejua lugha. Weka mipangilio ya kamera ya simu hiyo itoe picha za JPEG, au ongeza kwenye kompyuta programu inayosoma HEIC.

Swali la sita: umesubiri vya kutosha? Intaneti ikiwa na mwendo wa megabiti moja kwa sekunde, picha ya megabaiti 3 huchukua sekunde 24, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Picha 100 zitachukua dakika 40. Umeme ukikatika katikati, usiogope. Kwa kawaida kazi huendelea pale ilipoachia. Iache simu kwenye chaji, nawe fanya shughuli nyingine.

Mama yetu aliishia wapi?

Tumrudie mhazini wetu. Swali la kwanza, intaneti ilikuwapo. La pili, akaunti ilikuwa moja. La tatu, hapo ndipo walipokwama: nafasi ilikuwa imejaa tangu miezi mitatu nyuma. Picha za daftari na ya marehemu mumewe hazikuwa zimefika winguni. Zilikuwa ndani ya simu tu, mahali pamoja tu duniani. Kama wangefuta kama kijana alivyoshauri, fedha za watu 30 zingebaki bila ushahidi, na sura ya yule mzee isingeonekana tena.

Kijana akaomba radhi, wakafanya kazi pamoja. Waliunganisha simu na kompyuta kwa waya, wakazinakili picha kwenye flashi. Wakazifungua pale pale ili kuhakikisha. Baada ya hapo tu, mama akachagua mwenyewe video asizozihitaji, akazifuta, akapata nafasi. Wakasubiri. Kurasa zikaonekana kwenye kompyuta. Mama akazihesabu: 12, sawasawa na mikutano 12. Zikachapwa. Kabla ya kuondoka aliitoa akaunti yake kwenye kompyuta ile, kwa maana kompyuta ya duka ni ya watu wote, na majina na fedha za wanachama si habari za sokoni. Neno lake la siri aliliandika mwenyewe kwa vidole vyake, hakumtamkia mtu.

Siku hizi flashi ile imefungwa kwenye kitambaa, ndani ya sanduku, nyumbani kwa mwenyekiti. Picha moja iko katika simu, ya pili winguni, ya tatu katika flashi. Akiba haiozi, lakini akiba iliyowekwa mahali pamoja huweza kuungua siku moja.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini kulandanisha si sawa na kuweka akiba? Elezeni kwa mfano wa madaftari mawili.

2. Picha za zamani zinaonekana kwenye kompyuta, lakini mpya hazionekani. Mtaanza na swali gani kati ya yale sita? Kwa nini tusiruke mengine?

3. Picha moja ina megabaiti 3. Kikundi kina picha 400. Ni megabaiti ngapi?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya somo lijalo, kila mwenye simu achague picha moja ambayo asingependa kuipoteza. Atafute ziko nakala ngapi, na kila moja iko wapi. Akikuta iko moja tu, atengeneze ya pili, aifungue kwa macho yake, kisha aandike tarehe katika daftari. Asiye na simu amsaidie jirani yake kusoma maneno ya kwenye kioo.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, basi ulizaneni. Kwaherini, tuonane wiki ijayo.