Tusingoje mtu agonjwe ndipo tufungue sanduku jekundu

Maneno ya mtunza sanduku jekundu kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.



Nimepewa dakika kumi na tano. Hesabu za mwaka sitazisoma, zimebandikwa ukutani, kila mtu atazame. Nataka tuzungumze juu ya kanuni moja tu, kanuni ya nne, na juu ya mama mmoja tuliyemrudisha mlangoni mwaka jana.

Kwa rafiki zetu ambao hawajatuzoea, nieleze kidogo. Chama chetu kinaendeshwa kama MUSO nyingine za Kivu ya Kusini. Tuko na masanduku matatu. La kijani ni la akiba na mikopo. Jekundu ni la kusaidiana, anayepewa harudishi. La bluu ni la franga zinazotoka nje. Kanuni ya nne inasema sanduku jekundu linafunguliwa kwa mambo manne: kifo, ugonjwa, kuzaa, na nyumba kuungua. Tuliiandika sisi wenyewe, na mimi nilikuwa kati ya walioshika kalamu.

Sasa huyo mama. Ni mwenzetu, alirudi kama sisi. Shamba la baba yake alikuta limekaliwa na wengine, akaenda migodini upande wa Misisi kutwanga mawe. Mnaijua ile kazi. Unatwanga tangu asubuhi, vumbi linaingia kifuani, kisha unachanganya unga wa mawe na zebaki, ile tunayoita merkire, kwa mikono mitupu, na jioni inachomwa kwenye makaa ili dhahabu ibaki. Ule moshi ni sumu. Unaharibu mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni anaumia kuliko mama yake. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni.

Alikuja kwetu akaomba franga 230,000. Lilikuwa deni lake kwa mtu aliyekuwa anamkopesha unga, dawa na pahali pa kulala. Akasema akilipa lile deni anatoka siku ileile. Komite tulikaa, tukafungua kitabu, tukamsomea kanuni ya nne. Akatuuliza: "Basi munataka ningojee nigonjwe?"

Hakuna aliyejibu. Akafunga mtoto wake vizuri mgongoni, akaondoka, akarudi kulekule.

Miezi minne baadaye alirudi na mtoto mgonjwa sana. Siku hiyo kanuni ilimruhusu. Tulilipa hospitali franga 390,000. Mtoto alipona, tunashukuru Mungu. Lakini deni lilikuwa bado pale, tena limeongezeka, na mama alirudi kutwanga. Tulitoa nyingi kuliko alizoomba, na hatukumtoa.

Ndugu zangu, hapa siwezi kusema kama mtu asiyejua. Mimi mwenyewe nilikaa shimoni miezi kumi na nne. Wengi wenu mnakumbuka tulivyorudi, wengine kutoka Lugufu, wengine Nyarugusu, tukapanda meli Kigoma tukashukia Baraka. Tulipewa vitu vya kuanzia na chakula cha miezi ya mwanzo. Chakula kilipoisha, vijana wengi tulifuata dhahabu.

Tajiri wa shimo, yule tunayemwita PDG, hakunifunga kamba. Alinipa unga, sombe, tochi, dawa nilipougua malaria. Vyote vinaandikwa. Shimo likijaa maji mnakaa majuma mnavuta maji, dhahabu hakuna, lakini kula mnakula, na kitabu kinaendelea kuandikwa. Siku dhahabu inapatikana, sehemu yako inaingia kwanza kwenye deni. Watu wa mjini wananiuliza: "Mbona hukutoka tu?" Nitoke na nini? Deni lingenifuata mpaka kwa mama yangu. Na hata lisingenifuata, ningekula nini juma la kwanza, la pili, la tatu?

Nilikuwa najua hatari. Kila mchimbaji anaijua. Mwezi wa tisa 2020, kule Kamituga, mvua ilinyesha, maji yakaingia mashimoni, watu wengi wakafia chini. Habari ilitufikia sote. Kesho yake watu waliingia mashimo mengine. Si kwamba hawakuogopa. Walikuwa na deni.

Mimi nilitolewa na mbuzi. Shemeji yangu aliuza mbuzi wake mmoja, akaja mwenyewe na shahidi, akalipa mbele ya watu, akadai ule ukurasa wa kitabu upigwe mstari. Akanichukua kwake, nikala kwake majuma sita, mpaka nilipopata kazi ya kushusha mizigo ziwani. Sikuokolewa na ushujaa, wala na semina.

Kwa hiyo komite inaleta pendekezo: kanuni ya nne iongezwe jambo la tano, kutoka kwenye kazi inayomuumiza mtu. Si migodi tu. Kuna mabinti zetu wanaofanya kazi za nyumbani mjini bila mshahara, wanaambiwa "chakula unakula, unataka nini tena?" Kuna vijana wa mitumbwi ambao nyavu zikipasuka wao njo wanalipishwa. Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 16, inakataza kumlazimisha mtu kazi. Ni vizuri kuijua. Lakini katiba hailipi unga wa juma la kwanza.

Tungefanya hivi. Anayetaka kutoka asije kusimama mbele ya mkutano mzima. Aongee na watu watatu tu, na mmoja wao awe mama. Jibu lipatikane ndani ya siku saba, maana mtu anayetoka kazini kwa siri hana mwezi wa kungoja. Msaada uwe wa mambo matatu: deni, nauli, na chakula cha majuma sita. Deni lisipitie mikononi mwake. Tulipe sisi, mashahidi wawili wakiwepo, na tudai karatasi.

Na zitoke sanduku jekundu, si la kijani. Najua wengine mnasema tumkopeshe, atarudisha polepole. Hapana. Mtu ametoka kwenye deni jana, leo sisi tunamwandika kwenye kitabu kingine? Akishasimama, akitaka mtaji wa ndakala au wa mitumba, hapo aje kukopa sanduku la kijani kama sisi wote.

Kuna maswali mawili niliyoyasikia huko nje, afadhali tuyajibu hapa.

La kwanza: watu watatudanganya. Ndiyo, mmoja au wawili watatudanganya. Hata kwenye vifo tulishadanganywa, mnakumbuka, na hatukufunga sanduku. Hatutamdai mtu atuonyeshe makovu. Tutaenda kuuliza deni kwa anayedai, hiyo inatosha kujua kama liko.

La pili ni gumu zaidi: tukilipa madeni, matajiri si watapandisha? Inawezekana. Kwa hiyo tutaomba hesabu, kitu kwa kitu. Unga tutalipa, dawa tutalipa. Kama kuna faini na faida zisizoeleweka, tutaenda na wazee kuzungumza. Na akiwa ni mtoto, hatulipi hata franga moja. Sheria ya madini inataka mchimbaji awe na miaka 18, kwa hiyo deni la mtoto shimoni si deni. Huyo tutamtoa kwa njia ya wanaolinda haki za watoto, na chakula tutampa.

Franga zitatoka wapi? Tuko wanachama 64. Leo kila mmoja anaweka 500 kwa juma sanduku jekundu. Tunaomba kila mmoja aongeze 300. Ni 19,200 kwa juma. Kwa majuma 12 ni 230,400. Deni la yule mama lilikuwa 230,000. Nilipopiga hesabu hiyo usiku, sikulala vizuri.

Kwenu rafiki zetu mnaochangia sanduku la bluu, tunaomba mambo mawili. Kila franga tutakayoweka kwa jambo hili, muweke nyingine, ili tuweze kutoa watu wawili badala ya mmoja. Na la pili, msituombe picha zao wala majina. Tutawaonyesha karatasi za malipo na hesabu yote. Mtu aliyetoka kwa siri, picha yake ikizunguka, aliyekuwa anamdai au kumtumikisha anaweza kuiona pia.

Yule mama bado yuko kule. Nilimtumia ujumbe juzi kumwambia leo tutapiga kura. Alijibu neno moja: "Nitangojea."

Shemeji yangu amekaa pale nyuma, ameinamisha kichwa kwa sababu hapendi kusemwa. Miaka yote hii hajanidai mbuzi wake. Leo nataka tuwe mashemeji wa wengine. Mwenyekiti, naomba watu wanyooshe mikono.



(Waliokubali: 51. Waliokataa: 6. Waliobaki hawakupiga kura au hawakuwepo. Mchango mpya unaanza juma lijalo, na watu watatu wa kupokea maombi wameshachaguliwa.)