Hotuba ya Mwenyekiti: Miguu Nayo ni Akiba

 

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, kikundi kutimiza miaka kumi. Hesabu za hisa na mikopo atawasomea mweka hazina. Mimi nimeishia darasa la saba, nina jambo moja tu, nalo ni hii miguu yetu.

Tulipoanza, wengi wetu tulikuwa na miaka arobaini na kitu. Leo tumevuka hamsini. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ukifika miaka 60 wewe ni mzee. Jamani, si mbali.

Nianze na yangu, maana mwenyekiti akificha yake, na mwanachama ataficha yake. Miaka mitano iliyopita nilichukua mkopo nikafungua genge pale nyumbani. Biashara ikakubali. Nikaacha jembe, nikanunua kiti cha plastiki. Maji analeta mkwe wangu. Nikitaka kwenda sokoni, bodaboda ananifuata mpaka mlangoni. Watu wakasema, mama kapumzika, anakula jasho lake. Na mimi nikaona kweli, hiyo ndiyo heshima.

Mwaka wa tatu magoti yakaanza kuuma. Ikatokea msiba wa ndugu yangu huko delta. Tunafika Nyamisati, maji yamekupwa, boti iko mbali, lazima ukanyage tope ndipo upande. Mguu haunyanyuki! Vijana wawili wakanibeba kama gunia la mpunga. Watu walicheka. Mimi nililia, na si kwa ajili ya msiba peke yake.

Akina mama, huku kwetu mambo yote ni miguu. Kupanda mtumbwi ni miguu. Choo cha shimo ni miguu. Kurukuu na kusujudu ni magoti. Na mafuriko ya Aprili 2024 hapa Rufiji na Kibiti hatujayasahau. Maji yakija usiku, hayamsubiri bibi atafutiwe mtu wa kumwinua.

Nilikwenda zahanati nikitegemea kuambiwa nipumzike. Muuguzi akanieleza kuwa kinacholishikilia goti ni misuli ya paja. Misuli hiyo huanza kupungua kidogo kidogo tangu mtu ana miaka thelathini na kitu. Na sisi wanawake, hedhi ikikoma, mifupa nayo hupoteza nguvu upesi. Usipoifanyisha kazi, inakwisha. Ila habari njema ni kwamba hata ukiwa mzee, misuli ikifanyishwa kazi inarudisha nguvu. Ni kama hisa zetu: ukiweka kidogo kila wiki utakuta kitu, usipoweka usimlaumu mweka hazina.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi ya namna hiyo. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Tena siku mbili afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu. Aliyefika miaka 65 afanye na mazoezi ya kusimama imara, siku tatu kwa wiki, ili asianguke.

Najua mtaniuliza: Mwenyekiti, sisi wakulima, mazoezi ya nini tena? Ni kweli, kulima ni mazoezi. Lakini kilimo kina msimu. Tukishavuna mpunga tunakaa miezi. Na kuinama kutwa hakukufundishi kusimama kwa mguu mmoja ukavuka kwenye boti.

Si jambo geni. Shuleni tulikimbia mchakamchaka alfajiri, nani alikufa? Na Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati ule akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi.

Basi naomba tuanze hivi. Anayekaa karibu aje kikaoni kwa miguu. Kabla ya kufungua sanduku, tuchukue robo saa: kukaa kitini na kusimama bila kushika kitu mara kumi, kisha kusimama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au goti lililovimba amwone kwanza mhudumu wa afya. Faini hatutaweka, maana maumivu yenyewe ni faini tosha.

Na ninyi wanetu na wakwe zetu, ahsanteni kwa heshima. Ila mkitupenda, msitunyang'anye kila kazi. Tuachieni ndoo ndogo na njia ya kwenda dukani.

Mimi sijapona kabisa. Asubuhi goti bado linakaza. Lakini mwezi uliopita nilikwenda tena delta, na boti nilipanda mwenyewe, nimeshikwa mkono mmoja tu. Nataka miaka kumi ijayo, tukisherehekea ishirini, kila mmoja wetu aje hapa kwa miguu yake.

Akina mama hoyee!