Sukari haiui peke yake: tupime na tansio

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Bijombo)



Wengi wanafikiri mwenye ugonjwa wa sukari anakufa juu sukari imepanda. Inatokea. Lakini kwa ile ya aina ya pili, inayoshika zaidi watu wazima, kinachoua wengi ni moyo na mishipa: moyo unasimama, ao mshipa wa kichwani unaziba na mtu anapooza upande mmoja. Kisha figo. Sukari inaharibu mishipa polepole, bila maumivu, na tansio ikiwa juu (kule Tanzania tulisema presha) kazi hiyo inaenda mbio. Tumbaku nayo inaongeza.

Kule Uingereza waganga walifuata wagonjwa 1,148 wenye sukari na tansio pamoja. Kundi moja tansio ilishushwa mpaka wastani wa 144 kwa 82, lingine likabaki 154 kwa 87. Matokeo yakatoka 1998: katika kundi la kwanza vifo vya sukari vilipungua karibu theluthi moja. Tofauti ya kumi tu! Na wengi walihitaji dawa zaidi ya moja, basi muuguzi akikuongezea ya pili usiseme anakuuzia.

Njo maana nasisitiza. Huku milimani vikaratasi vya kupima sukari vinaisha, na njia ya kushuka Uvira munaijua wenyewe. Mashine ya tansio haiishiwi vikaratasi. Mwenye sukari asikae nyumbani kungojea. Aende apimwe tansio. Na asiache dawa juu anajisikia muzima. Tansio haipigi hodi.

Neno la miguu. Sukari inaua na hisia za nyayo: mtu anakanyaga mwiba, hasikii, kidonda kinaoza, mguu unakatwa. Kabla ya kuvaa boti ya shamba, tia mkono ndani, toa kijiwe. Jioni mtoto akuangalilie nyayo. Ukiona kidonda, hata kisichouma, kituo cha afya siku ile ile.

Wenye karatasi za matibabu za Nyarugusu, musizitupe. Ziko kwa Kingereza, na muuguzi wetu anasoma Kifaransa, lakini metformini inaandikwa karibu sawasawa kwa lugha zote mbili, na namba za tansio hazina lugha. Mulete na mfuko wa vidonge vilivyobaki, hata vilivyopita tarehe. Musivimeze, muvionyeshe tu.