Chokaa, Mbolea na Udongo wa Phillips

Msikilizaji, mkulima wa Kakamega au Uasin Gishu, magharibi mwa Kenya, anaposhauriwa kumwaga chokaa shambani kabla ya kupanda mahindi, ushauri huo una msingi. Udongo ukiwa na tindikali nyingi, kipimo chake cha pH kikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, nayo fosforasi ya mbolea hunaswa udongoni isiufikie mmea. Mbolea ya DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huzidisha tindikali hiyo. Chokaa inayochimbwa Koru, karibu na Kisumu, huipunguza, ingawa mara nyingi huhitajika tani moja au zaidi kwa ekari, na miezi kadhaa ya kusubiri.

Lakini ushauri huo ukibebwa hadi Phillips, kusini mwa mji wa Minneapolis nchini Marekani, waweza kuleta madhara. Humo wanaishi Wasomali na Waoromo wengi, baadhi yao waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma, na theluji inapoyeyuka, mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hushika jembe.

Kuanzia mwaka 1938 hadi miaka ya 1960, kandoni mwa barabara ya Hiawatha palikuwa na kiwanda kilichotengeneza dawa ya kuua panzi kwa kutumia aseniki. Dawa hiyo ilikusudiwa kuokoa mazao ya wakulima. Upepo ukapeperusha vumbi lake hadi kwenye nyumba za jirani, na sumu hiyo haikugunduliwa hadi mwaka 1994, barabara ilipokuwa ikijengwa upya.

Hapa ndipo kemia inapomgeuka mkulima. Fosfeti iliyomo ndani ya mbolea inafanana mno na aseniki. Hugombea nafasi ile ile kwenye chembe za udongo, ikaisukuma sumu itoke na kuingia katika maji yanayonyonywa na mizizi. Chokaa nayo, kwa kupandisha pH, huweza kuilegeza aseniki iliyoshikwa na madini ya chuma. Ajabu ni kwamba kwa risasi, sumu nyingine ya miji mikongwe, chokaa na fosfeti husaidia kuifunga. Dawa ya sumu moja huichochea nyingine.

Basi huduma iliyofika Phillips haikuwa ya kumwaga kitu juu ya ardhi. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, liliiingiza sehemu hiyo katika mpango wa Superfund mwaka 2007. Hadi mwaka 2011 udongo wa mamia ya viwanja ulikuwa umechimbwa, takriban sentimita 30 kwenda chini, na kubadilishwa. Kiwango kilichowekwa kilikuwa miligramu 25 za aseniki kwa kilo ya udongo.

Kwenye mashamba makubwa ya Minnesota, malori ya kumwaga chokaa hutanguliwa na vipimo vya udongo. Magharibi mwa jimbo hilo ardhi nyingi ina chokaa ya asili na haihitaji nyongeza. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota iko Saint Paul, ng'ambo tu ya mto Mississippi. Mkaazi wa Phillips asiyejua iwapo kiwanja chake kilipimwa aseniki na kusafishwa huzungushia tuta lake mbao, akalijaza udongo ulioletwa kutoka kwingine, na humo ndimo anapotia mbolea.