Kidonda kinapowaita mafundi wake

(Muziki wa kipindi unashuka.)

Msikilizaji, na wewe pia unayesoma karatasi hii kwa sababu betri za redio zimeisha: Leo tuongee kuhusu kovu.

Mimi ninalo moja mkono wa kushoto. Nilikuwa darasa la 6, sufuria ya uji ikanimwagikia. Jirani mmoja akaja mbio na dawa ya meno, mwingine na majivu. Bibi akawafukuza wote wawili, akanimwagia maji ya baridi mpaka nikachoka kulia. Nilidhani hana dawa. Kumbe dawa ndiyo hiyo.

Ukijikata, chembe sahani za damu hukimbilia pale na kuziba. Zikiziba, zinamwaga protini ndogo ziitwazo vichochea ukuaji. Hizo hazijengi kitu. Ni kama filimbi ya kuwaita mafundi. Mafundi ni seli za tishu unganishi, fibroblasti, ambazo makao yao ni chini ya ngozi ya juu. Baada ya siku chache zimeshafika, zinazaliana, zinasuka nyuzi za kolajeni na kujaza shimo.

Waliofungua njia ya kuvijua vichochea hivi ni Rita Levi-Montalcini wa Italia na Stanley Cohen wa Marekani, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Huyo mama alikuwa Myahudi. Alizuiwa chuo kikuu, na wakati wa vita akafanya utafiti chumbani kwake, kisha akakimbia na kujificha Florence. Baadaye akawa daktari wa wakimbizi hapohapo. Nilipolisoma hilo nilitembea kambini nimenyoosha kichwa siku nzima.

Sasa, mafundi wengine hugeuka kuwa wavutaji, kama mtu anayekaza kamba ya turubai. Kwenye paja si neno. Kwenye kiganja ni hatari. Mtoto mmoja wa mtaani kwetu alishika jiko la mkaa. Nyumbani wakangoja kidonda kipone, na kweli kikapona, ila vidole vimejikunja na kalamu haishiki vizuri. Mama, baba, moto ukigusa kiganja, kiwiko, shingo au uso wa mtoto, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Vidole vikifungwa vikiwa vimenyooshwa, na mazoezi yakianza mapema, havijikunji hivyo.

Kuna mwili ambao filimbi haikomi. Kovu linavimba na kupita mpaka wa kidonda: hiyo ni keloidi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi. Kama ulishapata moja, fikiri mara mbili kabla ya kutoboa masikio.

Spiriti usiimwage ndani ya kidonda, inaunguza hata mafundi. Osha kwa maji safi. Halafu wape chakula: maharage, na vitamini C ya mapera au maembe. Bila hiyo vitamini kolajeni haisukiki vizuri.

Maswali yenu andikeni, mtumbukize kwenye sanduku letu. Nitayasoma Jumanne.

(Muziki unapanda.)